Ardhi kwa Ailimaye: Ethiopia na Usawa Uliogeuka Imla

Januari 1974, katika kambi ya jeshi ya Negele, kusini mwa Ethiopia upande wa kuelekea mpaka wa Kenya, pampu ya maji ya askari wa vyeo vya chini iliharibika. Maofisa walikuwa na kisima chao. Walipoombwa, wakakataa. Chakula nacho kilikuwa hakiliki. Askari wakawaweka maofisa chini ya ulinzi, na jenerali aliyetumwa kutoka Addis Ababa kuja kutuliza mambo naye wakamshika, wakamkalisha, wakamlisha chakula chao na kumnywesha maji yao.

Hakuna aliyemtaja Marx pale Negele. Watu walitaka mkubwa aonje wanachokionja wao, basi.

Sasa ruka miaka mitatu. Ni 1977, na utawala uliozaliwa na maasi kama yale unawaua wanafunzi wa sekondari katika mitaa ya Addis Ababa. Maiti zinaachwa barabarani zikiwa na maandishi kwamba huyu alikuwa adui wa mapinduzi. Mzazi akienda kuomba mwili wa mwanawe, anadaiwa kwanza bei ya risasi.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba mapinduzi yaliibwa. Alikuwepo Meja Mengistu Haile Mariam, katili mwenye uchu wa madaraka, akayapora. Jibu hilo linapendwa kwa sababu linamwacha kila mtu salama: mwizi ni mmoja, wengine wote waliibiwa. Mimi siliamini, au tuseme naliamini nusu. Mengistu alikuwa katili kweli. Lakini usawa walioahidiwa Waethiopia haukuibwa njiani. Ulifika, ukagawiwa, watu wakaucheza ngoma mitaani. Shida ilikuwa katika mkono uliougawa, na katika vitu vilivyovunjwa ili mkono huo ubaki peke yake.

Kwanza, walichokuwa wanakikataa

Haile Selassie alivikwa taji mwaka 1930, ila nchi alikuwa ameishika tangu 1916 kama msimamizi wa kiti. Nje ya nchi alikuwa mzee wa Afrika, mwenyeji wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, mtu aliyesimama mbele ya umoja wa mataifa wa wakati ule, League of Nations, kumshitaki Mussolini. Ndani, mamilioni ya wakulima wa kusini walikuwa wapangaji kwenye ardhi ambayo mababu zao walinyang'anywa wakati wa upanuzi wa Mfalme Menelik. Mkulima alilima, mwenye ardhi akachukua nusu ya mavuno, na mara nyingine zaidi ya nusu. Juu yake kulikuwa na zaka, kazi za bure nyumbani kwa bwana, na zawadi za sikukuu ambazo ukikosa kuzipeleka unafukuzwa shambani. Kaskazini mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu huko ardhi ilishikwa kwa ukoo, lakini kodi na dhuluma za wakubwa zilikuwepo vilevile.

Waliolisemea jambo hilo kwa sauti walikuwa wanafunzi. Februari 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Haile Selassie waliandamana wakiwa na mabango ya maneno mawili ya Kiamhari, *meret learashu*, ardhi kwa ailimaye. Ninaomba msomaji aliweke akilini kundi hili. Walikuwa vijana wachache katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, na karibu kila kundi litakalotajwa hapa chini, la waliouawa na la waliosaidia kuua, lilitoka katika maandamano yao.

Kisha ikaja njaa ya Wollo, jimbo la kaskazini, kati ya 1972 na 1974. Serikali iliificha. Ilipofichuliwa na televisheni ya Uingereza, heshima ya mfalme ikaanza kumomonyoka. Februari 1974 bei ya petroli ikapanda, madereva wa teksi wakagoma. Walimu nao wakagoma, wakipinga mpango mpya wa elimu. Mwezi Machi shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CELU, likaitisha mgomo mkuu. Aprili, Waislamu wa Addis Ababa wakaingia barabarani kwa wingi ambao mji haukuwahi kuuona, wakidai wahesabiwe raia sawa na wenzao Wakristo, na miongoni mwao wapo Wakristo waliokwenda kuwaunga mkono. Hakuna chama kilichoyapanga hayo yote. Kila kundi lilikuja na dai lake, kwa chombo chake.

Miezi minne hiyo, Januari hadi Aprili, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za mapinduzi ya Ethiopia, na ndiyo inayosahauliwa. Usawa ulikuwa unadaiwa na watu wengi tofauti kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema mimi peke yangu ndiye mapinduzi.

Kamati ya askari

Jeshi ndilo lililokuwa na bunduki na mtandao wa nchi nzima. Juni 1974 vikosi vilituma wajumbe Addis Ababa, askari wa kawaida hadi cheo cha meja, jumla yao wakifika kama 120. Wakaunda kamati, na kwa Kiamhari kamati hiyo ikaitwa Derg. Kauli yao ilikuwa *Ethiopia Tikdem*, Ethiopia kwanza. Walimla mfalme kipande kwa kipande: leo waziri anakamatwa, kesho baraza linavunjwa, keshokutwa mali ya ikulu inataifishwa. Usiku wa kuamkia Septemba 12, televisheni ilionyesha picha za njaa ya Wollo zikipishanishwa na picha za karamu za kifalme. Asubuhi yake mzee akaondolewa ikulu, akapandishwa kwenye Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe.

Hadi hapo damu ilikuwa haijamwagika, na watu walijivunia hilo. Ila Novemba 23, 1974, Derg iliwaua watu wapatao 60 usiku mmoja: mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu Habte-Wold na Endalkachew Makonnen, majenerali, magavana, jamaa wa mfalme. Jenerali Aman Andom, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Derg yenyewe, aliuawa siku hiyohiyo katika mapigano nyumbani kwake. Hakukuwa na mahakama. Wajumbe walipiga kura, jina baada ya jina.

Nasisitiza tarehe kwa sababu inakata mabishano mengi. Ujamaa ulikuwa haujatangazwa, ulitangazwa Desemba. Vita vya Somalia vilikuwa bado miaka mitatu. Msaada wa Urusi haukuwepo, jeshi lilikuwa bado linatumia silaha za Marekani. Kwa hiyo anayesema ukatili uliletwa na itikadi, au na vita, au na wageni, ana kazi ya kueleza usiku huo. Kilichokuwepo tayari ni wazo kwamba kuna aina ya watu ambao hawahitaji kusikilizwa. Waliouawa walikuwa makabaila na walaji rushwa, nani angewalilia? Wengi wa wapigania usawa hawakulia. Kanuni ikawa imeshakaa. Kilichobaki ilikuwa kubadilisha jina la wahusika.

Mwaka wa furaha

Machi 4, 1975, ardhi yote ya vijijini ikatangazwa mali ya umma. Hakuna kaya iliyoruhusiwa kuwa na zaidi ya hekta 10. Kodi kwa mwenye ardhi ikafutwa, madeni ya mpangaji kwa bwana wake yakafutwa, na kuajiri vibarua kukapigwa marufuku isipokuwa kwa wajane, wazee na wagonjwa. Addis Ababa ililipuka kwa shangwe. Mamia ya maelfu walijaa barabarani. Kusini, wakulima ambao baba na babu zao walizaliwa wapangaji waliamka siku hiyo bila bwana. Usimwamini anayesema ulikuwa usanii wa kisiasa. Ni mojawapo ya mageuzi makubwa ya ardhi yaliyowahi kufanyika Afrika, na yalitekelezwa.

Wanafunzi na walimu wapatao 60,000 walipelekwa vijijini katika kampeni iliyoitwa *zemecha*, kufundisha kusoma na kuwasaidia wakulima kuunda vyama vyao. Kila eneo la hekta 800 hivi likawa na chama cha wakulima. Chama kiligawa mashamba, kikaamua kesi ndogondogo, kikawa na walinzi wake. Sikukuu za Kiislamu zikawa sikukuu za taifa. Baadaye, mwaka 1980, kampeni ya kusoma na kuandika ikapata tuzo ya UNESCO.

Mjini, sheria ya Julai 26, 1975 ilitaifisha ardhi na nyumba zote za ziada. Familia ibaki na nyumba moja ya kuishi, zinazobaki ni za umma. Kodi ya nyumba ikashushwa, na nafuu kubwa zaidi ikaenda kwa wapangaji wa chini. Ili kuzisimamia nyumba hizo ndogondogo ikaundwa *kebele*, chama cha wakazi wa mtaa. Nyumba ya kodi isiyofika birr 100 kwa mwezi, kodi yake inalipwa kebele, na fedha hiyo inatumika kukarabati mtaa, kuchimba choo, kutengeneza njia. Viongozi wanachaguliwa na wakazi wenyewe. Addis Ababa peke yake ilipata kebele karibu 300.

Msomaji wa Tanzania atamkumbuka balozi wa nyumba kumi. Kebele ilianza kama kitu cha jinsi hiyo, ila ilikuwa na kitu ambacho balozi hakuwa nacho: nyumba yako.

Hebu tuitazame kebele kwa karibu, kwa sababu humo ndimo mageuko yote yalipopita. Mwaka 1975 ilikusanya kodi. Kisha ikapewa duka. Bidhaa zilipoadimika, sukari, sabuni, mafuta na nafaka ya bei ya serikali vikawa vinapatikana kwenye duka la kebele, kwa kadi ya kebele. Kadi hutolewa kwa aliyeandikishwa. Ukitaka kitambulisho, kebele. Barua ya kazi, ya shule, ya kusafiri, kebele. Oktoba 1976 sheria mpya ikazipa mahakama zake nguvu zaidi na kamati za ulinzi zenye silaha. Nyingi zilikuwa na chumba cha mahabusu. Basi ndani ya miezi kumi na tano hivi, ofisi iliyokuja kukupunguzia kodi ikawa ndiyo mwenye nyumba, ndiyo mwenye duka, ndiyo hakimu na ndiyo polisi. Kila hatua ilikuwa na sababu ya kueleweka. Duka lilifunguliwa kwa sababu walanguzi walificha bidhaa. Mahakama iliwekwa ili mnyonge asihangaike kutafuta wakili. Walinzi waliwekwa kwa sababu kweli wapo waliokuwa wakiwaua viongozi wa kebele.

Zamani mtu aliyegombana na mwenye nyumba alihama. Aliyechukiwa na diwani alikimbilia kwa kasisi au kwa shehe, au kwa chama chake cha kazi. Dhuluma zilikuwa nyingi, lakini zilikuwa na wenyewe wengi, na mtu aliweza kupenya katikati yao. Mapinduzi yaliwaondoa wakubwa hao wote, na hakuna wa kuwasikitikia. Ila pamoja nao viliondolewa pia vyombo vya wadogo. CELU, iliyogoma Machi 1974, ilivunjwa na mahali pake pakawekwa chama cha wafanyakazi cha serikali. Magazeti huru hayakuwepo. Wanafunzi walioanzisha yote walikuwa wametawanywa vijijini, na wale waliochochea wakulima wawanyang'anye mabwana kabla ya amri kutoka walikutana na polisi wa Derg ileile. Watu wakawa sawa, na wote hawana pa kukimbilia.

Hapa ndipo imla, yaani utawala unaotaka kushika kila kitu, inapoachana na udikteta wa kawaida. Dikteta wa kawaida anataka unyamaze. Ukinyamaza, mara nyingi anakuacha na shamba lako. Utawala wa kiimla hautosheki na ukimya. Unataka uje mkutanoni, upige makofi, umtaje jirani. Na hauwezi kudai hivyo mpaka kwanza uwe umeshika chakula chako na paa lako. Haile Selassie hakuwahi kuwa na uwezo huo hata siku moja. Mengistu alikuwa nao, na aliupata kupitia sheria zilizoshangiliwa.

Ndugu wa chuo kimoja

Nirudi kwa wanafunzi. Kufikia 1975 walikuwa wamegawanyika vyama viwili, vyote vya Kimarx, vyote vimezaliwa Ulaya miongoni mwa Waethiopia waliokwenda kusoma. MEISON iliundwa mwaka 1968. EPRP ikafuata mwaka 1972. Tofauti yao mtu wa nje anaweza kuidharau. EPRP ilisema askari warudi kambini, iundwe serikali ya muda ya wananchi mara moja. MEISON ilisema wananchi bado hawajajipanga; tuwaunge mkono askari huku tukikosoa, tuwape watu silaha na elimu, kisha madaraka yatahamia kwao. Kiongozi wa MEISON, Haile Fida, akawa mshauri mkubwa wa itikadi wa Derg. Kebele zikawa uwanja wa vita, kwa sababu kila chama kilielewa kwamba anayezishika kebele anaushika mji.

Mimi nadhani EPRP ilikuwa sahihi katika dai lake na ilikosea vibaya katika njia yake. Septemba 1976 walijaribu kumuua Mengistu, wakamjeruhi tu. Wakaanza kuwawinda makada wa MEISON na viongozi wa kebele, mmoja mmoja. MEISON wakajibu kwa kutumia bunduki za dola. Wasomi hawa walifahamiana kwa majina, baadhi walikula meza moja chuoni, na kila upande uliuita mwingine adui wa wananchi.

Februari 3, 1977 Mengistu aliwamaliza wapinzani wake ndani ya Derg. Mwenyekiti, Jenerali Teferi Banti, na wenzake kadhaa walikamatwa katikati ya kikao, ndani ya uzio wa ikulu, wakauawa siku hiyohiyo. Tangu hapo kamati ikawa jina tu. Aprili alisimama kwenye Uwanja wa Mapinduzi mbele ya umati, akavunja chupa zilizojaa maji mekundu mfano wa damu, akatangaza kwamba ugaidi mweupe wa maadui utajibiwa kwa ugaidi mwekundu wa mapinduzi. Kwa Kiamhari, Qey Shibir.

Walinzi wa kebele walipewa ruhusa ya kuchukua hatua ya mapinduzi bila kusubiri mahakama. Mji ulifungwa, nyumba zikapekuliwa moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ingekuwa ngumu kwa polisi wa kawaida, lakini kebele ilikuwa na daftari: ilijua kila nyumba ina watu wangapi, nani kaongezeka, nani hakulala kwake. Mashine ya taipu, karatasi nyingi, hata kijana tu aliyesoma, vilitosha kumtia mtu mashakani. Siku za kuelekea Mei Mosi 1977 waliuawa mamia ya vijana katika msako mmoja. Watu walikatazwa kuwalilia wafu wao hadharani. Idadi ya waliokufa nchi nzima haikubaliani kati ya wanahistoria. Wanaokadiria kwa tahadhari husema makumi ya maelfu.

EPRP ilivunjwa. Na MEISON, walioshika bunduki za dola? Agosti 1977 waligundua kwamba zamu yao imefika, wakakimbilia mafichoni. Haile Fida alikamatwa na hatimaye akauawa. Novemba, Atnafu Abate, makamu wa Mengistu, naye akauawa. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya makabaila usiku wa 1974 ulikuwa umewapitia wapinzani, ukawapitia marafiki, sasa uko ndani ya nyumba.

Vita vya Somalia, vilivyoanza Julai 1977, viliyafunika haya. Nchi ilikuwa imevamiwa kweli, na Mengistu akapata askari wa Cuba, silaha za Kisovyeti na kisingizio. Vita viliisha Machi 1978. Udhibiti haukuisha.

Suti na tai

Dawit Wolde Giorgis, ofisa wa serikali hiyo ambaye baadaye aliongoza tume ya misaada kisha akakimbilia ng'ambo, amesimulia jinsi mambo yalivyobadilika juu. Mwanzoni kuvaa tai kulikuwa kama kosa la jinai. Gari na suti vilikuwa alama za maadui. Kufikia 1978 vitu hivyo vilirudi, kwanza kwa kuvumiliwa, mwishowe kwa kutakiwa. Wisky nzuri, suti nzuri, duka maalumu la wakubwa. Mengistu, aliyekuwa anaitwa mwenzetu, akaanza kukaa peke yake kwenye kiti kilichonakshiwa kwa dhahabu.

Watu hupenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu unafiki unafurahisha kuusimulia. Nadhani ndiyo yenye uzito mdogo. Hata kama Mengistu angeendelea kuvaa gwanda na kula mtama hadi kufa, kebele ingebaki vilevile. Pol Pot wa Kambodia aliishi bila anasa kubwa, na nchi yake iligeuka kaburi.

Uzito upo zaidi kwa mkulima. Alipewa shamba mwaka 1975, lakini haliwezi kuuzwa, haliwezi kukodishwa, na chama cha wakulima kinaweza kuligawa upya wakati wowote. Mwaka 1976 likaanzishwa shirika la serikali la kununua nafaka. Likapanga bei, chini ya bei ya soko, likapanga na kiasi ambacho kila chama lazima kitoe. Mavuno yakiwa mabaya, mkulima alilazimika kwenda sokoni kununua nafaka kwa bei ya juu ili akaiuzie serikali kwa bei ya chini. Chama alichokiunda mwenyewe kwa msaada wa wale wanafunzi wa zemecha ndicho kilichomfuata mlangoni kudai gunia, na ndicho kilichotoa majina ya vijana wa kwenda jeshini kupigana na waasi wa Eritrea na Tigray.

Septemba 1984 Addis Ababa ilipambwa kwa msaada wa mafundi wa Korea Kaskazini kusherehekea miaka kumi ya mapinduzi na kuzinduliwa kwa Chama cha Wafanyakazi wa Ethiopia, na Mengistu katibu mkuu wake. Wakati huohuo njaa nyingine, kubwa kuliko ya Wollo, ilikuwa inaua kaskazini, na serikali haikutaka iharibu sherehe. Oktoba mpigapicha wa Nairobi, Mohamed Amin, aliingia mji wa Korem, kaskazini, na mtangazaji Michael Buerk wa BBC, na dunia ikaona. Utawala uliomwangusha mfalme kwa picha za njaa iliyofichwa ukawa na picha zake.

Ukame ulikuwepo, na vita. Lakini mkulima aliyeporwa akiba yake mwaka baada ya mwaka hana cha kuvumilia nacho mwaka mbaya. Jibu la serikali lilikuwa kuhamisha watu. Wapatao 600,000 walitolewa kaskazini wakapelekwa kusini magharibi, wengi kwa nguvu. Tawi la Ufaransa la shirika la madaktari MSF lilipopinga, likafukuzwa nchini Desemba 1985. Kisha zaidi ya watu milioni 10 wakakusanywa kwenye vijiji vipya vya mistari iliyonyooka.

Je, ilikuwa lazima?

Mtanzania anayesoma habari za vijiji hivyo atajisogeza kwenye kiti. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni, na wapo waliotolewa kwa nguvu. Tanzania ilitaifisha benki mwaka 1967 na majumba mwaka 1971, ilikuwa na chama kimoja, na ilikuwa na sheria ya kumweka mtu kizuizini bila mashitaka. Hata hivyo haikufika kwenye kudai bei ya risasi. Sababu nyingine ni tabia ya Nyerere, sawa. Nyingine ni za kuchosha kuzisimulia, ndiyo maana hazisimuliwi: mahakama ziliendelea kutoa hukumu ambazo serikali haikuzipenda, na katika uchaguzi wa 1965, ndani ya chama kimoja, mawaziri walisimama majimboni wakaangushwa. Palikuwa na mahali, hata kama padogo, ambapo mtu wa chini aliweza kusema hapana na mambo yakabadilika. Zanzibar, iliyogawa eka tatu tatu baada ya 1964, ikakaa bila uchaguzi hadi 1980 na ikawa na mahakama za wananchi zisizo na mawakili, iko karibu zaidi na kisa hiki, na inastahili makala yake peke yake.

Urusi nayo ilipitia palepale. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, waliokuwa mstari wa mbele mwaka 1917, walidai uchaguzi mpya wa mabaraza kwa kura ya siri na uhuru wa vyama vya wafanyakazi. Walipigwa mizinga. Mwezi huohuo mkutano mkuu wa chama cha Lenin ukapiga marufuku makundi ndani ya chama. Wengi waliopiga kura ya ndiyo waliamini ni hatua ya dharura. Stalin alipokuja kuwakamata, hapakuwa na kikao ambacho wangeweza kwenda kujitetea.

Kwa hiyo ukiniuliza dalili ya kuangalia, sitakuambia uchunguze kama viongozi wamenunua magari. Angalia kama chama cha walimu kinaweza kugoma dhidi ya serikali ya mapinduzi na viongozi wake wakalala kwao usiku huo. Ethiopia jibu lilikuwa hapana kabla ya mwaka wa kwanza wa mapinduzi kwisha, wakati ambapo ardhi ilikuwa bado inagawiwa na watu wanashangilia.

Mengistu alikimbia Mei 21, 1991, akipitia Nairobi kwenda Harare. Mwaka 2006 mahakama ya Ethiopia ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari akiwa hayupo. Waendesha mashitaka walisaidiwa sana na Derg yenyewe, ambayo ilitunza kumbukumbu zake: amri za kuua zenye sahihi, orodha, mihutasari. Waliomwondoa walikuwa waasi walioongozwa na vijana wengine wa chuo kilekile, na wao walipoandika katiba iliyoanza kutumika mwaka 1995 waliacha ardhi mikononi mwa dola na mataifa ya nchi, isiuzwe. Kebele pia hawakuivunja. Ipo hadi leo kama ngazi ya chini ya utawala, na kwa miaka mingi baadaye mkulima aliyehitaji mbolea ya mkopo, au aliyetaka jina lake liingie kwenye orodha ya chakula cha msaada, alianzia ofisini kwake.